Noble Johnson: Mwigizaji aliyelazimika kuchagua kati ya mshahara na ndoto yake

Na Mwandishi Wetu

WAPENZI wa filamu za zamani walioiona King Kong ya mwaka 1933 bila shaka wanamkumbuka yule chifu mrefu wa kisiwani, aliyetaka msichana wa kizungu atolewe kwa sokwe mkubwa.

Wachache wanafahamu kuwa mtu huyo, Noble Johnson, miaka 17 kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya filamu iliyomilikiwa na Wamarekani weusi, na kwamba aliiacha kwa shinikizo la waliokuwa wakimlipa mshahara.

Johnson alizaliwa Aprili 18, 1881 katika mji wa Marshall, jimbo la Missouri, akakulia Colorado Springs, ambako alisoma pamoja na Lon Chaney, aliyekuja kuwa nyota wa filamu zisizo na sauti. Baba yake alikuwa mfunza farasi, na kijana huyo aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15 ili kumsaidia kazi hiyo.

Farasi ndio waliomfungulia mlango wa sinema. Kampuni ya Lubin ilipokuwa ikipiga picha Colorado, mwigizaji mmoja aliumia, akatafutwa mtu anayewamudu wanyama hao. Johnson alipewa nafasi hiyo, akaigiza kama Mhindi Mwekundu.

Mwaka 1915 ilitoka filamu ya The Birth of a Nation, iliyowaonyesha watu weusi kama wahalifu na wapumbavu. Mwaka uliofuata, Johnson na wenzake, akiwemo mwigizaji Clarence Brooks, walianzisha Lincoln Motion Picture Company, naye akawa rais wake.

Filamu yao ya kwanza, The Realization of a Negro's Ambition, ilihusu kijana mweusi msomi wa uhandisi anayetafuta mafuta na kufanikiwa. Ya pili, Trooper of Company K, iliwaenzi askari weusi waliopigana Carrizal, Mexico, mwaka 1916. Katika zote mbili Johnson alikuwa mhusika mkuu.

Mdogo wake, George, mfanyakazi wa posta mjini Omaha, alishughulikia matangazo na usambazaji. Noble naye aliendelea kuigiza nafasi ndogo katika kampuni ya Universal, na kipato hicho ndicho alichokitumia kuiendesha Lincoln.

Hata hivyo, mafanikio yakageuka kikwazo. Katika mitaa ya watu weusi, picha yake ilipobandikwa nje ya ukumbi unaoonyesha filamu ya Lincoln, watazamaji walikimbilia huko na kuziacha zile za Universal. Kwa maelezo ya George, Universal ilimtaka achague upande mmoja. Mwaka 1918 Johnson akajiuzulu Lincoln.

Kampuni hiyo iliendelea bila yeye, lakini kumbi za kuonyesha filamu zake zilikuwa chache na mtaji ulikuwa mdogo. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Hollywood, kwa upande wake, haikumwachia nafasi ya kuigiza Mmarekani mweusi wa kawaida, mwenye elimu na familia. Mwaka 1922 alikuwa Friday, mtumishi wa Robinson Crusoe. Mwaka 1924 alikuwa mwana wa mfalme wa India katika The Thief of Bagdad, na chifu wa wala watu katika The Navigator ya Buster Keaton.

Rangi yake ya maji ya kunde, katika picha zisizo na rangi, iliwawezesha waongozaji kumgeuza wapendavyo. Mwaka 1932, katika The Most Dangerous Game, alipakwa weupe akawa Ivan, mtumishi bubu wa Kirusi. Ulikuwa wakati ambao wazungu nao walijipaka weusi ili kuigiza watu wa rangi yake.

Johnson alistaafu mwaka 1950, akafariki dunia Januari 9, 1978 mjini Yucaipa, California, akiwa na umri wa miaka 96. Nyaraka za Lincoln zilizokusanywa na George zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles.

Filamu zenyewe ambazo Johnson aliziongoza kama rais wa kampuni zimepotea. Chifu wa kisiwani, aliyemwigiza kwa ujira, angali anaonekana hadi leo.