Agnes Pockels na maji ya jikoni

Siku hizi wataalamu wanatengeneza transistori kwa kristali nyembamba sana, unene wake molekile moja ao mbili tu. Tunafikiri kazi kama hiyo ilianza katika laboratwari kubwa. Hapana. Ilianza jikoni kwa msichana mmoja.

Agnes Pockels alizaliwa Venice, tarehe 14 Februari 1862. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Austria. Akaugua malaria (kumbe ilikuwa hata Ulaya!), akaacha jeshi, na mwaka 1871 jamaa yote ikahamia Braunschweig, Ujerumani. Agnes alimaliza shule ya wasichana. Alipenda fizike sana, lakini wakati ule iniversite za kule hazikupokea wanawake. Mdogo wake Friedrich, yeye alisoma Göttingen, akawa anamletea dada yake vitabu. Agnes akabaki kupika na kutunza wazazi wagonjwa.

Sisi wote tumeosha sahani, tumeona namna mafuta yanatandaa juu ya maji, kiisha tumemwaga. Yeye alitaka kupima. Alipokuwa na miaka 20 hivi alitengeneza chombo cha bati, urefu santimetre 70, upana 5, kina 2. Akakijaza maji mpaka ukingo, akalaza juu yake kipande cha bati cha kukata uso wa maji. Akikisogeza, nafasi ya mafuta inapungua ao inaongezeka. Tena alining'iniza kitufe kidogo kwenye mizani, akapima nguvu inayotakiwa kukibandua majini.

Akaona ajabu. Nafasi ikiwa kubwa, mafuta kidogo hayabadilishi kitu, maji ni kama safi. Lakini akisukuma bati mpaka fashi fulani, nguvu inaanguka mara moja. Sababu yake, molekile zilizotawanyika sasa zimegusana bega kwa bega, safu moja tu, kama sisi kwenye mstari wa asubuhi.

Karibu miaka kumi alifanya hivyo bila kusikilizwa. Mwaka 1891, alipojua kwamba Lord Rayleigh wa Uingereza anachunguza jambo lile lile, akamwandikia barua kwa Kijerumani. Rayleigh angeweza kuitupa, ao kuiba kazi yenyewe. Hakufanya hivyo. Bibi yake aliitafsiri, naye akaituma kwa gazeti Nature, likaichapa mwezi wa tatu kwa jina la Agnes.

Baadaye Mmarekani Irving Langmuir alikitengeneza chombo kile vizuri zaidi, na mwaka 1932 akapata Zawadi ya Nobel ya shimi. Watu wengi wanakiita chombo cha Langmuir. Mimi naona si haki sana. Mwaka ule ule, iniversite ya ufundi ya Braunschweig ilimpa Agnes udoktere wa heshima, akiwa na miaka 70. Akafa tarehe 21 Novemba 1935.

Katika transistori ya kristali ile, umeme unapita karibu wote katika safu za chini kabisa, njo maana unene hauna faida. Kwa kupata safu nyembamba hivyo, njia moja ni kutandaza dawa yenyewe juu ya maji, kuisukuma polepole kwa ubao mpaka molekile zigusane, kiisha kuiinua kwa kioo.