Barack Obama Mkubwa: Mwana wa Karachuonyo Baina ya Mafahali Wawili

Abiria atokaye Kisii akifika Oyugis huziona njia mbili. Moja yaendelea kaskazini hadi Kisumu, iliko hospitali kuu ambayo wenyeji wangali wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Ya pili yateremka ziwani hadi Kendu Bay, katika nchi ya Karachuonyo. Huko, katika kijiji cha Kanyadhiang, alizaliwa katika miaka ya 1930 mtoto ambaye Wamarekani wangemsomesha: Barack Hussein Obama, babake rais wa 44 wa Marekani.

Baba yake, Hussein Onyango, alikuwa mpishi wa Wazungu na mtu mkali mno. Alipoihamishia aila yake Kogelo, katika nchi ya Alego, mkewe Habiba Akumu hakudumu huko. Alirejea kwao Karachuonyo akawaacha watoto nyuma. Kijana alisoma Maseno, akasifika kwa akili na kulaumiwa kwa kiburi, wala hakuhitimu. Akawa karani, kwanza Mombasa kisha Nairobi.

Ajira iliyombadilishia maisha ni ile ya ofisi ya kisomo cha watu wazima, chini ya Mmarekani Elizabeth Mooney. Hapo Obama aliandika vitabu vidogo vya Dholuo, *Otieno Jarieko*, vilivyochapishwa mwaka 1959 kwa ajili ya watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma. Waandishi wa maisha yake aghalabu huvipitia mbio. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, si jambo dogo kwamba mwanauchumi huyu alianza kwa kumwandikia mkulima katika lugha yake mwenyewe.

Mwaka huo huo Tom Mboya, mwana wa Rusinga, alipeleka Marekani ndege iliyowabeba wanafunzi 81. Husemwa mara nyingi kwamba Obama alikuwa miongoni mwao. La hasha, safari yake ya Hawaii iligharimiwa na Mooney na marafiki. Lakini upepo uliovuma ulikuwa mmoja. Wasovieti walikuwa wamerusha Sputnik mwaka 1957, na mwaka 1960 wakafungua mjini Moscow chuo kikuu cha wanafunzi wa nchi changa, ambacho baadaye kilipewa jina la Patrice Lumumba. Oginga Odinga alipeleka vijana Mashariki, Mboya Magharibi. Na mwaka 1960 wakfu wa aila ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kuendeleza safari za Mboya. Ushindani huo ulifika hata katika ndoa ya Obama, kwa maana alikutana na Ann Dunham huko Hawaii katika darasa la Kirusi. Mwana wao alizaliwa tarehe 4 Agosti 1961.

Kutoka Hawaii alikwenda Harvard. Mwaka 1964 wakuu wa chuo na maafisa wa uhamiaji, ambao hawakupendezwa na mambo yake ya ndoa, walikataa kumwongezea muda. Akarudi Kenya bila shahada ya uzamifu aliyoitamani.

Mwezi Julai 1965 alichapisha katika *East Africa Journal* makala kuhusu matatizo ya ujamaa wa Kenya. Alikuwa akiukosoa Waraka Nambari 10 wa mwaka huo, uliotoka katika wizara ya Mboya, mfadhili na rafiki yake. Waraka ulidai kwamba Kenya haingefuata ubepari wala ukomunisti. Obama aliuliza ujamaa huo ulikuwa na maana gani hasa, maadamu biashara nyingi zingali mikononi mwa wasio Waafrika na ardhi ikikatwakatwa kwa hati za mtu mmoja mmoja. Yeye alipendekeza ushirika wa ukoo. Ilikuwa hoja ya mtu aliyesomeshwa na Magharibi lakini asiyekubali kuwa kipaza sauti chake, na ilihitaji ujasiri.

Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969. Obama, aliyekutana naye muda mfupi kabla ya risasi, alisimama kizimbani kutoa ushahidi. Mwezi Oktoba, Rais Kenyatta alipoizindua hospitali ya Russia, walinzi waliufyatulia risasi umati, watu wakafa, na chama cha Odinga kikapigwa marufuku. Mwaka 1970 Obama alipoteza kazi yake katika shirika la utalii. Ulevi, ambao haufai kufichwa, ulimwongezea maadui na ajali. Baadaye alipata kazi katika Wizara ya Fedha. Alifariki katika ajali ya gari mjini Nairobi tarehe 24 Novemba 1982, akazikwa Kogelo.

Mwaka 2008 mwanawe alipowania urais, makala ya 1965 ilifukuliwa. Mahasimu waliisoma kama ushahidi kwamba mgombea alikuwa mwana wa mkomunisti, ilhali Muungano wa Kisovieti ulikuwa umesambaratika miaka 17 kabla. Swali la makala yenyewe, juu ya ardhi ya ukoo na hati ya mtu mmoja, halikuwashughulisha.