Josef Sudek, Mpiga Picha wa Mkono Mmoja

Katikati ya mji wa Praha, ulio mji mkuu wa Ucheki huko Ulaya, unapita mto uitwao Vltava. Mji huo ni wa kale sana. Daraja lake la mawe lilianza kujengwa mwaka 1357, na hata leo watu hulivuka kwa miguu. Na juu ya kilima limesimama Kanisa Kuu la Mtakatifu Vitus, ambalo ujenzi wake ulichukua karibu miaka mia sita. Watu wa mji huo walizoea kumwona bwana mmoja mwenye nguo kuukuu akipanda vilima na kushuka kando ya mto, amejitwika kamera kubwa na stendi yake ya miguu mitatu, na mkono mmoja wa koti lake ni mtupu. Jina lake lilikuwa Josef Sudek.

Alizaliwa tarehe 17 Machi 1896 katika mji wa Kolín, ambao nao uko kando ya mto, mto Labe. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, akafariki Josef angali mtoto mdogo. Kijana alipokua alipelekwa Praha kujifunza kujalidi vitabu, na hapo ndipo alipoanza pia kuchezea kamera. Lakini riziki yake aliitegemea katika vitabu.

Mara ikazuka Vita Kuu ya Kwanza. Wakati ule nchi yake ilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, naye akaandikishwa jeshini mwaka 1915, akapelekwa kupigana upande wa Italia. Huko kipande cha kombora kilimpiga mkono wa kuume. Kidonda kikaharibika, na madaktari wakalazimika kuukata mkono wote hata begani. Karibu miaka mitatu alikuwa akihamishwa hospitali hii na hospitali ile.

Sasa fikiri, msomaji, hali ya kijana huyu. Ufundi aliojifunza ulikuwa umekwisha, maana kitabu hakijalidiwi kwa mkono mmoja. Alikuwa na pensheni ndogo ya majeruhi wa vita, na akapewa nafasi ya kazi ya ofisini. Wengi wetu tungeipokea na kushukuru. Yeye aliikataa, akashika kamera, jambo ambalo kwa mtu wa hali yake lilionekana kama wazimu, kwani kamera za siku zile zilikuwa nzito, nazo zilitaka mikono miwili kwa kila jambo. Pale mkono mmoja uliposhindwa, alitumia meno. Watu wa kwanza aliowapiga picha ni maaskari wenzake, vilema kama yeye, waliotunzwa katika nyumba ya majeruhi mjini Praha. Tangu mwaka 1922 hata 1924 alisomea upigaji picha katika shule ya sanaa ya serikali.

Kazi iliyomtangaza ilikuwa ya lile kanisa kuu, wakati mafundi walipokuwa wakilimalizia. Wapiga picha wengine walitazama minara. Sudek alitazama ndani, akaona toroli, kamba, marundo ya mawe, na miali ya jua ikishuka juu ya vitu hivyo. Picha 15 kati ya hizo zilitolewa katika jalada moja mwaka 1928.

Mwaka 1926 marafiki zake, wapiga muziki wa okestra kubwa ya Praha, walisafiri kwenda Italia, naye akafuatana nao. Kwa masimulizi yake mwenyewe, usiku mmoja muziki ulipokuwa ukiendelea aliondoka kimya kimya, akatembea gizani mpaka mashambani, akitafuta mahali alipopoteza mkono wake. Alfajiri akapaona. Nyumba ya mkulima aliyolazwa siku ile ilikuwa bado imesimama, lakini mkono, bila shaka, haukuwapo. Hakurudi kwa wenzake ila baada ya miezi miwili. Tangu hapo hakutaka tena safari za nchi za mbali.

Mwaka uliofuata alipata kibanda cha mbao katika ua wa nyumba moja, upande wa pili wa mto, na dada yake Božena akamsaidia kazi. Hata mwaka 1939 Wajerumani walipoiteka nchi, kutembea na kamera mabarabarani kukawa hatari. Basi akaigeuza kamera yake kuelekea dirisha la kibanda chake. Nje palikuwa na mti mmoja uliopindika. Kioo kilikuwa na umande leo, kesho barafu, keshokutwa matone ya mvua. Dirisha hilo moja alilipiga picha kwa muda wa miaka 14, tangu 1940 hata 1954, na wenye kujua sanaa huzihesabu picha hizo kuwa miongoni mwa zilizo bora kabisa.

Siku hizi sisi hupiga picha kwa simu, kufumba na kufumbua. Sudek aliweza kuketi saa nyingi akingoja mwanga. Msichana mmoja aliyekuwa msaidizi wake, Sonja Bullaty, aliyeokoka katika kambi za mateso za Wajerumani, alisimulia jinsi walivyofunga kamera katika ukumbi wa giza chini ya lile kanisa kuu. Ghafula mwali mwembamba wa jua ukapenya. Sudek akaanza kukimbia huku na huko akipunga nguo ili kutimua vumbi, kwa sababu mwanga hauonekani mpaka uwe na kitu cha kuangukia.

Tena tangu mwaka 1940 aliacha kabisa kukuza picha. Alilaza filamu juu ya karatasi, na picha ikatoka kwa ukubwa uleule wa filamu. Kwa ajili hiyo ilimbidi achukue kamera kubwa zaidi, yeye mwenye mkono mmoja! Baadaye alipata kamera ya kale ya Kodak yenye kutoa picha ndefu, sentimita 10 kwa 30, akauzunguka nayo mji wote. Picha 284 za namna hiyo zilitolewa katika kitabu mwaka 1959. Humo mto Vltava umelala kama ulivyo, mrefu, na madaraja yake yakifuatana.

Hakuoa. Furaha yake ilikuwa muziki. Kila Jumanne jioni marafiki walikusanyika kibandani, wakijipenyeza kati ya marundo ya karatasi na sahani za santuri, maana hakutupa kitu. Naye akawachagulia santuri za kusikiliza. Alimpenda sana mtungaji Leoš Janáček, hata akawa anakwenda kukipiga picha kijiji alikozaliwa mtungaji huyo, Hukvaldy, na kitabu chake kikatoka mwaka 1971.

Josef Sudek alifariki tarehe 15 Septemba 1976, umri wake miaka 80. Kibanda kiliteketea kwa moto katika miaka ya 1980. Mwaka 2000 kilijengwa kingine cha mfano uleule, mahali palepale uani.