Haroun Tazieff: Aliyeikagua kengele ya Nyiragongo

Wakazi wa Goma wanaijua kengele ya hatari kwa sura zake mbili ngumu. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima Nyiragongo ulilipuka bila watu kuonywa. Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Constant Ndima, aliagiza wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wahame. Watu wapatao 400,000 wakashika njia ya Sake, Rutshuru, Bukavu na Gisenyi. Mlipuko wa pili haukuja.

Mara ya kwanza kengele ilinyamaza, mara ya pili ililia na moto haukutokea. Miaka mingi kabla ya hapo, mtu mmoja alipambana na maswali hayo hayo, na mlima uliomfunza kazi ni huu huu unaoonekana kutoka kila kona ya Goma. Huyo ni Haroun Tazieff.

Kutoka Warsaw hadi Kivu

Tazieff alizaliwa Warsaw tarehe 11 Mei 1914, mji huo ukiwa bado chini ya utawala wa Urusi. Baba yake, aliyekuwa daktari, alifariki katika Vita Kuu ya Kwanza, na mama yake akahamia naye Ubelgiji. Huko alisomea kilimo Gembloux, kisha jiolojia Liège, ambako alihitimu mwaka 1944.

Baada ya vita alikuja Kongo, iliyokuwa koloni la Wabelgiji, kufanya kazi ya jiolojia. Volkano haikuwa fani yake. Mwaka 1948 alitumwa kuutazama mlipuko wa Kituro, ubavuni mwa Nyamulagira, na safari hiyo ikageuza maisha yake. Mwaka huo huo alishuka ndani ya kasoko ya Nyiragongo na kuthibitisha kwamba moshi uliokuwa ukionekana juu ya mlima ulitoka kwenye ziwa la lava linalochemka.

Alirudi Nyiragongo mara kadhaa, akishuka kwa kamba pamoja na wenzake hadi karibu na ziwa hilo. Walipima joto na kukusanya gesi. Tazieff aliamini kwamba gesi ndiyo inayousukuma mlipuko, na anayetaka kujua nia ya mlima lazima aipime pale inapotokea. Filamu na vitabu vyake vilimfanya ajulikane sana Ufaransa, nchi iliyompa uraia mwaka 1971.

Kengele iliyolia Guadeloupe

Mwaka 1976 alikuwa mkuu wa kitengo cha volkano katika taasisi ya fizikia ya dunia ya Paris. Julai mwaka huo volkano ya La Soufrière, kwenye kisiwa cha Guadeloupe, ilianza kurusha mvuke, majivu na mawe. Hofu ilikuwa na sababu. Mwaka 1902, kwenye kisiwa cha Martinique kilicho jirani, mlima Pelée uliua watu wapatao 28,000.

Tazieff alipanda, akakagua, akatoa jibu lake: lililokuwa likipasuka ni mvuke wa maji yaliyochemshwa ardhini, si lava mpya inayopanda. Wataalamu wengine walipinga, na tarehe 15 Agosti serikali ikaamuru watu zaidi ya 70,000 wahame. Waliishi ugenini kwa miezi, shule zimefungwa na mashamba yameachwa. Tarehe 30 Agosti Tazieff na wenzake walinaswa kileleni na mlipuko wa mvuke, mawe yakiwanyeshea, wakanusurika. Hata hivyo hakubadili msimamo.

Mlipuko mkubwa haukutokea. Lakini kabla mwaka haujaisha, Tazieff alikuwa ameondolewa katika uongozi wa kitengo chake, na mvutano kati yake na mkuu wa taasisi hiyo, Claude Allègre, ulidumu miaka mingi.

Fundi haanzi na kibao

Aliyefunga kengele ya wezi nyumbani ataelewa ugomvi ule. Kibao cha namba ukutani kikilia kila paka anapopita, mwenye nyumba atakizima usiku wa tatu. Betri ikifa au waya ukikatika, kibao kitanyamaza, naye atalala akidhani analindwa. Fundi mzuri hakimbilii kubadilisha kibao. Anafuata njia nzima: umeme, waya, kihisi cha mlangoni, hadi mtu anayepaswa kuitikia mlio.

Kazi ya Tazieff ilikuwa hiyo, kwa kipimo cha mlima. Hakupinga watu kuonywa. Alitaka anayebonyeza kitufe awe amepanda kuona kihisi kinasoma nini. Na ushindi wake wa Guadeloupe ulihusu La Soufrière ya mwaka 1976 peke yake. Mlima mwingine ungeweza kutoa jibu la kuua.

Jibu hilo lilikuja Kivu miezi michache tu baadaye. Tarehe 10 Januari 1977 mbavu za Nyiragongo zilipasuka na ziwa la lava alilolichunguza kwa karibu miaka 30 likamwagika lote kwa muda usiozidi saa moja. Lava ilikuwa nyepesi na ya kasi kiasi kwamba vijiji vilifikiwa kabla watu hawajakimbia. Waliokufa hawakupungua 70. Tazieff aliuchunguza mlipuko huo na kuandika juu yake, na tangu hapo ilijulikana kwamba Nyiragongo hautoi nafasi ndefu kati ya dalili na moto.

Mwaka 1981 Ufaransa ilimpa jukumu la kusimamia kinga dhidi ya majanga makubwa ya asili, na kati ya 1984 na 1986 alikuwa ndani ya serikali kama waziri mdogo wa kazi hiyo. Alifariki Paris tarehe 2 Februari 1998.

Goma baada yake

Hakuiona siku ya tarehe 17 Januari 2002, lava ilipokata katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia Ziwa Kivu na kuacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Wala hakuuona mwaka 2021, lava iliposimama Buhene, pembeni kidogo tu ya mji, baada ya kuua watu wasiopungua 30.

Ukaguzi wa mwaka 2021 ungemhusu sana. Msaada wa Benki ya Dunia kwa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma ulikuwa umekwisha mwaka 2020. Kwa miezi kadhaa kituo kilikosa fedha za intaneti ya kupokea taarifa za vifaa vilivyoko mlimani, na mawasiliano yalirudi wiki chache tu kabla ya mlipuko. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha pia kwamba dalili za wazi kwenye vipima tetemeko zilianza kama dakika 40 tu kabla lava haijatoka. Hata vifaa vizima vingekuwa na muda mfupi mno.

Ndiyo maana hakuna kiungo cha kupuuzwa. Penye dakika 40, betri iliyokufa Kibati, intaneti isiyolipiwa au ofisa asiyepokea simu usiku inatosha kuufanya mlio usifike. Na kila mara watu wanapohama, wakalala barabarani Sake na kurudi wakikuta nyumba zao zikiwa nzima, inakuwa vigumu zaidi kuwashawishi wahame tena, hata kama amri ya kwanza ilikuwa ya busara. Mji unaoishi chini ya Nyiragongo unahitaji kuelezwa kengele imelia kwa sababu gani, na ikinyamaza, nani amepanda kuikagua.