Kapteni Owen na bendera ya Mombasa

Anayesoma mashairi ya Muyaka bin Haji hukutana na Mombasa inayojigamba huku maadui wakiinyemelea, mji wa Wamazrui uliokataa kumtii Seyyid Said wa Omani. Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba kati ya mwaka 1824 na 1826 mji huo huo ulikaa chini ya bendera ya Uingereza, na kwamba London haikuwa imeamuru. Aliyeamua ni mwanamaji mmoja, William FitzWilliam Owen, ambaye uzeeni alikuja kuwa mwanasiasa mbali kabisa na pwani yetu ya Kiswahili. Nimemfuatilia kwa sababu ya uamuzi huo.

Alizaliwa Manchester mwaka 1774, mtoto wa nje ya ndoa wa afisa wa jeshi la majini. Baba alifia India mtoto akiwa bado mdogo, na rafiki wa baba akamlea. Mwaka 1788, kabla ya kutimiza miaka 14, alikuwa tayari melini. Mwaka 1808 Wafaransa walimkamata katika Bahari ya Hindi, wakamshikilia Mauritius hadi 1810. Baadaye alitumwa Kanada kupima Maziwa Makuu, maana nao wana ya kwao.

Kazi iliyompa jina ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1820, alipopewa manowari mbili, Leven na Barracouta, achore ramani za pwani ya Afrika. Tusidhani ilikuwa kazi ya mezani. Mabaharia walishuka katika mashua, wakatupa bildi kupima kina, wakasoma namba, wakaandika, wakasogea mbele kidogo na kutupa tena. Waliingia midomo ya mito na kulala humo. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba homa huletwa na mbu. Katika ghuba ya Delagoa, ilipo Maputo ya leo, watu walikufa mfululizo, hata nahodha wa Barracouta. Mwishoni zilipatikana chati karibu 300, na nyingine zilitumiwa na wanamaji kwa miaka mingi. Kila ninapoona mstari wa pwani katika ramani ya zamani, nawaza ni wangapi walizikwa kwa ajili yake.

Owen alikuwa mtu wa dini sana, na aliichukia biashara ya watumwa kwa moyo wote. Alipofika Maskati alimbana Seyyid Said kuhusu biashara hiyo. Kisha tarehe 7 Februari 1824 akatia nanga Mombasa. Wamazrui walikuwa wamebanwa na Waomani, na walikwisha kupandisha bendera ya Uingereza waliyoishona wenyewe. Nahodha mwingine wa msafara huo aliombwa himaya kabla yake, akakataa kwa kuwa hakuwa na mamlaka. Owen naye hakuwa nayo, lakini alikubali.

Mapatano yalikuwa wazi. Uingereza ingewarudishia Wamazrui milki zao za zamani, nao wangeendelea kutawala. Mwakilishi wa Uingereza angekaa mjini. Ushuru wa forodha ungegawanywa nusu kwa nusu. Na biashara ya watumwa ingekoma Mombasa. Owen akamwacha luteni kijana, John James Reitz, awe mwakilishi, kisha akang'oa nanga. Reitz alikufa kwa homa mwezi Mei mwaka ule ule. Jina lake limebaki katika ghuba iliyo nyuma ya Kilindini: Port Reitz.

London na Bombay hazikufurahi. Seyyid Said alikuwa rafiki wao. Mwaka 1822 alitia sahihi mkataba wa kuzuia watumwa kuuzwa kwa Wakristo, na hawakutaka kumpoteza kwa ajili ya mji mmoja. Mwaka 1826 himaya ikafutwa, Waingereza wakaondoka. Wamazrui walipambana peke yao kwa miaka kumi zaidi. Mwaka 1837 Said aliuchukua mji, akawakamata viongozi wao na kuwapeleka uhamishoni ng'ambo ya bahari, upande wa Bandar Abbas. Hawakurudi.

Sisi Wakongo tumezoea kisa cha aina nyingine: karatasi za miaka ya 1880, ambazo machifu walitia alama bila kuelewa, kisha zikashikiliwa kwa nguvu zote na watu wa Leopold. Mombasa ilikuwa kinyume. Hapo wenyeji ndio waliouomba mkataba, wakauelewa, na mzungu ndiye aliyeukana. Waandishi wengine humsifu Owen kwa nia yake njema. Mimi naona nia hiyo ndiyo iliyomponza, au tuseme iliyowaponza wengine: alijiona ana haki, kwa hiyo hakuuliza nani angelipa iwapo neno lake lingekataliwa. Yule nahodha aliyesema hapana aliwatendea Wamazrui haki zaidi.

Mwaka 1827 Owen alianzisha kituo cha Clarence, kisiwani Fernando Po, ambacho leo ni mji wa Malabo. Mwaka 1835 alihamia Campobello, kisiwa cha New Brunswick, Kanada, kilichokuwa mali ya ukoo wake tangu enzi za baba yake. Huko akawa bwana wa kisiwa, akipokea kodi ya wapangaji na hata kuhubiri kanisani. Mwaka 1837, mwaka ule ule Wamazrui walipochukuliwa utumwani kisiasa, wapiga kura wa Charlotte walimpeleka katika bunge la jimbo. Baadaye aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Hapo hatimaye alikuwa na kiti halali cha kuamulia mambo ya watu, ila si watu wa Mombasa.

Hata siasa haikumwachisha bildi. Miaka ya 1840 alipima ghuba ya Fundy, ambako maji hupwa na kujaa kuliko karibu popote duniani. Alipandishwa cheo hadi makamu wa admirali, na wenyeji wa Campobello walisimulia kwamba alikuwa akitembea pwani na sare yake kamili, huku na huku, kana kwamba yuko juu ya sitaha. Alifariki Saint John mwaka 1857, akiwa na miaka 83.