Alipewa alama duni, akafumbua siri ya sukari ya miwa

Kama umekulia pande za Nyamarambe, unajua muwa uliokatwa ukilala juani siku kadhaa hupoteza sukari. Asidi ya maji ya muwa huchangia: huipasua sukari kuwa glukosi na fruktosi, na joto huharakisha kazi hiyo.

Sasa mjue Svante Arrhenius, jamaa wa Uswidi aliyezaliwa 1859. Mwaka 1884 Chuo Kikuu cha Uppsala kiliipa tasnifu yake ya udaktari alama ya chini sana. Ndoto ya kufundisha pale ikayumba. Unadhani alikunja mikono? Wapi! Alituma nakala kwa wataalamu wa nje, na Wilhelm Ostwald akafunga safari kuja kumwona.

Mwaka 1889 akachambua vipimo vya sukari ya miwa ikipasuliwa na asidi. Akaeleza kwamba ni molekuli chache tu zenye nguvu ya kutosha kupasuka, na joto likipanda zinaongezeka haraka.

Mwaka 1903 alitwaa Tuzo ya Nobel ya kemia, kwa nadharia iliyochipuka kwenye tasnifu ileile. Alifariki 1927. Wewe uliyeandikiwa D, umesikia?