Usama bin Zayd na miguu iliyotoka nje ya shuka

 

Kabla ya kisa cha leo, jambo moja. Ile picha ya familia iliyozunguka kwenye simu zetu wiki hii, baba mweupe mwenye asili ya Kiarabu, mama wa Kisukuma, na mtoto mweusi kuliko wote wawili, kama bado unayo, ifute. Walioandika chini yake wengi hata hawawajui wale watu. Mmoja kauliza mtoto ni wa nani, mwenzake akacheka, wa tatu akasambaza. Baba hakuguswa. Aliyepakwa matope ni mama. Na wewe uliyeweka kile kijisura cha kucheka, ulikuwa umefunga.

Sasa twende Madina.

Zayd bin Haritha alikuwa Mwarabu wa kabila la Kalb. Alitekwa akiwa mdogo, akauzwa soko la Ukaz, akafika nyumbani kwa Bibi Khadija, naye akampa Mtume (s.a.w.). Baba yake alipokuja kumkomboa, Zayd alichagua kubaki kwa Mtume. Ndiye sahaba pekee ambaye jina lake limetajwa ndani ya Qur'ani, Surat Al-Ahzab. Akaja kumuoa Baraka, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Umm Ayman. Huyu mama ni Mhabeshi, mtu wa upande wetu huu wa bahari. Ndiye aliyemlea Mtume na kumrudisha Makka baada ya Bibi Amina kufia njiani, pale Abwaa. Na usidhani mweusi ndiye peke yake aliyepitia utumwa katika nyumba ile. Mweupe naye alipitia.

Wakazaa Usama. Abu Daud ametaja katika Sunan yake kuwa Usama alikuwa mweusi sana na Zayd mweupe sana. Basi watu wakaanza. Huyu si mtoto wake, mwangalie rangi. Ujue maana yake, ndugu yangu: wanamsema Umm Ayman, mama ambaye Mtume alimheshimu kama mama yake mzazi. Na neno la namna hiyo kwa mwanamke anayejiheshimu, bila mashahidi wanne, hukumu yake iko Surat An-Nur aya ya 4: viboko 80. Aya haikumtoa anayesema kwa utani.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba siku moja Mtume aliingia kwake uso ukimeremeta kwa furaha. Zayd na Usama walikuwa wamelala, wamejifunika shuka vichwa vyote, miguu tu iko nje. Akapita Mujazziz wa Banu Mudlij, kabila lililosifika kwa kutambua nasaba kwa kutazama viungo vya mwili. Akaiangalia ile miguu, minne, miwili myeupe na miwili myeusi, akasema inatokana na damu moja. Basi. Mtume mwenyewe hakuwa na shaka hata chembe. Wanazuoni wanaeleza kuwa alifurahi kwa sababu waliokuwa wakisema ndio hao hao walioamini utaalamu wa watu kama Mujazziz, kwa hiyo hawakuwa na pa kushika tena. Fikiria alivyolibeba jambo hilo moyoni, mpaka siku lilipokwisha uso wake ukang'aa namna ile.

Usama akakua akipakatwa na Mtume paja moja, Hasan paja la pili. Watu wakamwita kipenzi mwana wa kipenzi. Zayd akauawa shahidi Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, na mwaka wa 11 Mtume akamkabidhi Usama, kijana wa chini ya miaka 20 au karibu na hapo, jeshi la kwenda Sham. Watu wakasema tena! Mtume, akiwa mgonjwa wa maradhi aliyofia, akawajibu kuwa baba yake nao walimsema hivyo hivyo, na wote wawili wanastahili uongozi. Abu Bakr alipolituma jeshi lile alitembea kwa miguu, Usama yuko juu ya mnyama. Baadaye Umar alipogawa posho alimpa Usama 3,500 na mwanawe mwenyewe, Abdullah, 3,000.

Lakini kuna sehemu ya maisha yake ambayo huwa tunaipitia haraka, na mimi naona ndiyo yenyewe. Katika vita na watu wa Huraqa, Usama na Ansari mmoja walimbana mtu. Alipoona amekwisha, akatamka shahada. Yule Ansari akajizuia. Usama akamchoma mkuki, akamuua. Alidhani ametamka kwa kuogopa silaha tu. Mtume alipopata habari alimuuliza kama alimpasua moyo akaona kilichomo, akalirudia jambo hilo mara nyingi, mpaka Usama akatamani angekuwa amesilimu siku ile ile, asiwe na la nyuma. Huyu ni mtu ambaye mama yake alisemwa na watu kwa kile walichokiona kwa macho. Naye dhana ikampata.

Hakusahau. Waislamu walipopigana wenyewe kwa wenyewe baada ya kuuawa Uthman, alimpelekea Ali ujumbe kuwa angekuwa naye katika hatari yoyote, ila katika vita hii hapana. Upanga wake hakuuelekeza tena kwa mtu aliyetamka shahada. Alifariki Jurf, nje kidogo ya Madina, mwaka wa 54 Hijria kwa kauli ya baadhi ya wanazuoni, akabebwa kwenda kuzikwa Madina.

Kesho in shaa Allah, baada ya Tarawehe, tutamsoma mama yake, Baraka. Na ile picha, ifute.